Ploti Yetu Ilipozima Stima Kusikiliza Angani

Kazi inayonilisha ni ya kutoa kopi na kuchapa barua za watu katika kibanda cha kompyuta, mtaani Pipeline, Nairobi, chini ya ploti ninayoishi, jengo la ghorofa la wapangaji. Kazi ninayoipenda haina mshahara. Ninapanga watoto wa shule waongee kwa redio na wanaanga walio kwenye kituo cha anga, kile kinachozunguka dunia mchana na usiku kikiwa na watu ndani. Nikisema hivyo kwenye harusi au matanga, watu huniangalia viatu kwanza, halafu uso, halafu wananiuliza kama kuna pesa humo. Nikisema hakuna, hapo ndipo wananiamini.

Mambo yalianzia Makongeni, mtaa wa watu wa reli. Shangazi yangu aliolewa na mtu wa reli, na jirani yao alikuwa mstaafu, fundi wa zamani wa mawasiliano ya treni. Alikuwa amevuta waya wa shaba kutoka dirishani kwake hadi kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Wakati huo nilikuwa nimetoka kidato cha nne na alama za kumfanya mtu asiongee sana mezani. Nikamuuliza waya ule ni wa nini.

"Wa kuongea na watu nisiowajua," akasema.

"Na wanakujibu?"

"Wananijibu kuliko watoto wangu."

Akanikalisha kitini, akanivalisha visikizio vyake vilivyofungwa utepe wa gundi pande zote, nikasikia mtu wa Brazili akimwambia mtu wa Hispania kwamba kwao kunanyesha. Sikuwa na haja yoyote na mvua ya Brazili. Lakini nililala nikiiwaza, ni mvua kubwa au ni manyunyu, na huyo mtu ana gambuti au hana.

Ndivyo nilivyo, mtu wa kuota mchana. Mzee akanifundisha miaka miwili, nikafanya mtihani wa leseni, nikafaulu, na kupitia kwa marafiki zake wa redioni nikajuana na kundi la watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Kituo cha anga kina redio, na wanaanga wakipata nafasi huitumia kuongea na shule. Kikipita juu yenu mnakipata kwa dakika kumi hivi, kuanzia kinapochomoza upande huu hadi kinapozama upande ule. Zikiisha zimeisha, hakuna kupiga tena. Kwa hiyo nyuma ya dakika hizo kuna watu wanaoandikiana miezi na miezi. Mmoja anapanga muda na wanaanga, mwingine anakagua antena, mwingine anahakikisha watoto wanajua kusema "ova" wakimaliza, ili wa upande wa pili ajue zamu ni yake. Mimi ni wa antena na watoto. Mratibu wetu mkuu ni mama mmoja wa Ureno, mpole, mwenye sauti ya mtu anayenywa chai, na asiyependa mchezo kwenye kazi.

Kufikia mwaka ule ninaousimulia nilikuwa nimesaidia kupanga watoto wa Malawi, wa Ufilipino, na wa mji mmoja huko Brazili. Siku za maongezi yao nilisikiliza kwa simu hapo kibandani, nikilia polepole huku mashine ikiendelea kutoa vyeti vya watu. Wateja walinizoea. Jambo moja tu lilikuwa linanisumbua. Watoto wa nchi za watu walikuwa wameongea, na wa shule iliyopakana na ukuta wa kibanda changu, wanaokuja kununua kalamu kwangu na kuniita "teacher wa kopi", walikuwa bado.

Nikaomba kwa niaba yao, tukakubaliwa. Nikaenda darasani mwenyewe kuwaambia. Nilipaswa kungoja antena ikaguliwe kwanza, lakini sikuweza kungoja. Niliwaambia mtaongea na mtu aliye angani, nyinyi wenyewe, kutoka hapa hapa. Watoto kumi wakachaguliwa, na kufikia jioni Pipeline nzima ilikuwa na habari.

Sasa shida. Shule yetu imezungukwa na maghorofa. Ukisimama uwanjani ukainua macho, anga unayoiona inatosha kunguru mmoja. Mahali pa pekee penye anga ya kutosha ni juu ya paa la ploti yetu, juu ya ghorofa la saba, palipo na matangi ya maji na nyaya za kuanikia nguo. Tukapandisha antena huko, mimi na mzee wa reli, yeye akipumzika kila ghorofa na kuuliza kwa nini wanaanga hawashuki wao. Tulipowasha redio, ikanguruma kama mafuta ya mandazi yaliyomwagiwa maji.

Ilikuwa kelele ya balbu. Balbu za bei rahisi, chaja za simu, televisheni, mashine za saluni, kila kitu kinachotumia stima ndani ya ploti kilikuwa kinatema uchafu wake hewani, na redio yetu ilikuwa inauokota wote. Mtu aliye futi mbili angeniita nisimsikie, sembuse aliye angani.

Nilituma rekodi Ureno. Mratibu akanijibu kwa upole. Kuna shule upande wa pili wa jiji, akasema, yenye uwanja mpana na nyumba chache. Wao wanaweza kuwa wenyeji. Watoto wako wanaweza kuletwa kwa basi wakae wasikilize, na labda wawili wao waulize swali. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nimletee rekodi iliyotulia, la sivyo ahamishe. Sikumlaumu. Muda wa wanaanga si wa kujaribia bahati. Lakini niliwaza wale watoto kumi wakiwa wamepangwa nyuma ya watoto wengine, wamevaa sare zilizopigwa pasi tangu jana yake, wakipewa juisi na kuambiwa wasiguse kitu. Sikuwaambia neno. Asubuhi walipokuja kununua kalamu niliwauzia kalamu.

Siku chache baadaye stima ikapotea adhuhuri, kama inavyopoteaga. Nilifunga kibanda nikapanda ngazi mbio na betri ya gari begani, nikawasha redio. Kimya. Kimya kizuri, cha kusikia hata njiwa kwenye tangi. Nikajua dawa ni nini. Ploti nzima izime stima kwa dakika kumi.

Nilidhani litakuwa jambo dogo. Watu wa Pipeline tumekaa gizani siku nzima bila kumuuliza mtu. Kumbe giza la kuombwa ni kitu kingine. Nilianza na kinyozi wa chini, kijana wa rika langu, tunaheshimiana kwa kutaniana.

"Siste, hebu rudia," akasema. "Unataka nizime stima."

"Dakika kumi tu."

"Nikiwa na mteja kitini."

"Ikipotea yenyewe huwa unafanya nini?"

"Nangoja."

"Sasa si ungoje tu vivyo hivyo?"

"Hapana. Ikipotea yenyewe nawalaani watu wa stima. Ukizima wewe itabidi nikulaani wewe, na wewe ni jirani. Usiniweke hapo."

Ghorofa la pili mama mmoja aliniuliza kama hii ni mambo ya siasa. La tatu baba mmoja akasema alipe kodi halafu azimiwe, hiyo hapana. Keateka wa ploti, mtunzaji wa jengo mwenye funguo za kisanduku cha swichi kubwa, akaniambia hana neno, ila wapangaji wakikubali wote, mmoja mmoja, asisikie baadaye fulani alikataa.

Nikaketi kibandani nikiwa nimekata tamaa. Halafu nikawaza, hawa watu hawajaisikia. Mimi nawaambia habari ya kelele ambayo masikio yao hayaisikii. Nikachukua redio yangu ndogo ya mkononi, nikapanda hadi kwa yule mama wa ghorofa la pili, nikamwomba aniruhusu niisogeze karibu na balbu yake. Redio ikanguruma.

"Hiyo ni nini?"

"Ni balbu yako, mama. Zima."

Akazima. Kimya. Akawasha. Ngurumo. Akazima tena, akawasha tena, mara nyingi, kama mtoto na kifuniko cha sufuria. Kisha akafungua mlango akamwita jirani: "Njoo usikie balbu yangu ikiongea."

Sikubisha mlango mwingine siku hiyo. Watu walinifuata wenyewe. Yule baba wa kodi alitaka ajue televisheni yake inapiga kelele kiasi gani, na nilipomwambia ya jirani inamshinda, aliudhika. Wakaanza kupimana. Balbu za ghorofa la nne zikashindana na za la tano. Kinyozi alijifanya hana haja, halafu akanisimamisha nikishuka.

"Mashine yangu je?"

Nikasogeza redio. Ilinguruma hadi mteja wake akashika sikio.

"Nani anashinda?" kinyozi akauliza.

"Wewe. Ploti nzima."

"Si nilijua," akasema, akimwangalia mteja. "Hii mashine si ya mtumba."

Kufikia jioni walikuwa wamekubali wote. Hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye balbu yake ilimziba mtoto mdomo. Tukazima kwa majaribio, nikarekodi kimya chetu, nikakituma Ureno. Jibu likaja: "Nimesikiliza mara mbili. Mtaongea kutoka kwenu." Nikautolea kopi ule ujumbe, kwa mazoea tu.

Basi tukaanza mazoezi shuleni. Mzee wa reli alikaa nyuma ya pazia akijifanya mwanaanga. Mimi nilikuwa na saa. Akina mama wa watoto walikaa nyuma, wengine na kazi zao mkononi, wakichambua mboga. Wa kwanza kushika kipaza sauti alikuwa msichana wa darasa la sita anayeishi ghorofa la saba, mwembamba, mwenye sauti ya kengele. Mama yake hufua nguo za watu. Msichana akasimama wima.

"Bwana asifiwe," akasema, akangoja.

Mzee alikuwa ameambiwa ajibu maswali tu, kwa hiyo alinyamaza.

"Bwana asifiwe," akarudia kwa nguvu zaidi.

"Amina," wakajibu akina mama.

"Bwana asifiwe tena."

"Amina."

"Ninawasalimu nyote kwa jina la Yesu. Kwa majina naitwa..." na akaendelea, jina, darasa, shule, ploti, kanisa, akawasalimia na wazazi wa mwanaanga kama wako hai. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akipewa kipaza sauti mbele za watu, hiyo ndiyo njia ya kuingilia, na usipoitikiwa huendelei. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa anasalimia bado wakati dakika kumi zilipoisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza swali.

Nikawaeleza kwamba kwenye redio hii hakuna salamu. Swali, ova, basi. Watoto waliniangalia kama niliyewaambia waingie kwa mtu bila kubisha. Mama wa yule msichana akaweka chini sukuma wiki.

"Yaani mtoto wangu amuulize mtu anakula nini kabla hajamuuliza ameamkaje?"

"Mama, dakika ni kumi."

"Hata kama. Huyo mtu ameacha kwao, yuko mahali hakuna hata mti. Halafu watoto wa kwetu wanampata tu hivi, wa kwanza swali, wa pili swali, kama polisi. Atasema hawa walilelewa na nani?"

Wenzake wakaguna kwamba ni kweli. Na mimi, kusema ukweli wangu, nilikuwa upande wao. Nilimwandikia mratibu. Akajibu kwamba salamu moja ya wote, fupi, inaruhusiwa. Tukafanya kama vikundi vya kanisa vinavyofanya vikienda ugenini: mmoja asalimie kwa niaba na wengine wasimame naye. Tukamteua huyo huyo msichana, kwa sababu ya sauti yake. Atoe salamu, halafu aulize swali lake, lililokuwa la chakula. Kisha wenzake wafuate.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na kituo kilikuwa kipite kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa maji. Maji ya mfereji Pipeline huja siku yanayotaka yenyewe, na yakija hakuna anayebaki kitandani. Yalikuja alfajiri. Nilipofika juu na betri yangu, paa lilikuwa limejaa. Mashuka, sare, suruali za kazi, mapazia, vitambaa vya makochi, kila waya umelemewa. Nguo mbichi huzuia mawimbi ya redio, na antena yetu, yenye umbo la mfupa wa samaki, ilitakiwa igeuzwe kwa mkono kufuata kituo kutoka upande mmoja wa anga hadi wa pili. Mzee alifika akihema, akaangalia.

"Hapa tutaongea na mashuka," akasema.

Nguo nyingi zilikuwa za mama wa yule msichana. Hazikuwa zake, zilikuwa za wateja wake, na ndizo kula ya nyumba yake. Zikianuliwa mbichi zikagusa sakafu ile ya paa, ni kufua upya, na maji huenda yakawa yameshakatika. Mabeseni yote yalikuwa na nguo zinazosuuzwa. Nilisimama mbele yake. Nilijua nikisema atakubali, na hilo ndilo lilinifunga mdomo.

Akaniangalia, akaangalia antena, akaangalia wale watoto waliokuwa wanapanda ngazi wakiwa na sare safi.

"Ni dakika ngapi ulisema?"

"Kumi, mama."

Akaanza kuanua. Alipokosa mahali pa kuweka, akazikumbatia. Shuka juu ya shuka, hadi uso ukabaki macho tu, maji yakimtiririka hadi kwenye ndala. Wengine walipoona, wakafanya hivyo hivyo. Muda si muda paa lilikuwa wazi, na pembeni ukutani wamesimama wanawake kama kumi na mbili wamebeba nguo mbichi kifuani kama watoto wachanga, na watoto wenyewe wakiwa mbele yao kwenye mstari.

Nikampigia keateka, akazima. Tuliisikia ploti ikinyamaza, muziki ghorofa la tatu, friji, saluni, kimoja baada ya kingine. Mratibu alikuwa akitusikiliza kwa simu kutoka Ureno. Muda ukafika. Mzee akashika kipaza sauti akaita kituo kwa Kiingereza chake cha reli, kilichonyooka.

Redio ikanguruma.

Akaita tena. Ngurumo ile ile. Mimi nilikuwa nageuza antena, mikono inateleza kwa jasho. Kituo kilikuwa kimeshachomoza, kilikuwa juu yetu, kila pumzi ilikuwa inatoka kwenye zile dakika za watoto.

"Kuna kitu bado kinawaka," mratibu akasema simuni, taratibu.

Stima ilikuwa imezimwa yote. Nilisikiliza ile ngurumo, na ghafla nikaijua, kama unavyojua kikohozi cha jirani.

"Ni kinyozi," nikasema.

Mama wa msichana hakuuliza zaidi. Akainamia ngazi na mashuka yake mikononi, akapaza sauti: "Kinyozi, zima!" Ghorofa la sita wakaipokea: "Kinyozi, zima!" La tano wakaipitisha, la nne, la tatu, neno likawa linashuka ploti kama ndoo kisimani, hadi tukalisikia kwa mbali huko chini, na sauti ya kinyozi ikijibu, "Si nimezima?"

Na ni kweli alikuwa amezima. Tulipatana stima, na stima alizima. Ila alikuwa na mteja anayekwenda kumchukua bibi arusi, kichwa kimefika katikati, kwa hiyo alichomeka mashine kwenye betri yake ya sola. Sikuwa nimesema sola.

Ngurumo ikakatika. Na ndani ya kile kimya, sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kama mtu aliye ghorofa la sita, ikawa inatuita. Ilikuwa katikati ya sentensi. Bila shaka alikuwa ametuita muda wote.

Mzee akamjibu, akasahau maneno mawili, akayapata. Akampa msichana kipaza sauti. Muda ulikuwa umekwenda vibaya, kwa hiyo nilimwashiria kwa mkono: ruka salamu, nenda kwenye swali. Aliniona. Akageuka akamwangalia mama yake na lile furushi linalodondosha maji. Kisha akasema yote kwa Kiingereza, kwa pumzi moja:

"Habari ya huko, sisi wote wa Pipeline ni wazima na mama zetu wanakusalimu, na nyinyi huko mnaanika nguo wapi, ova."

Swali tulilopitisha lilikuwa la chakula.

"Habari njema, Pipeline," akasema yule mwanamke, na jina la mtaa wetu alilitamka kwa uangalifu. "Mimi pia ni mzima, wasalimie mama zenu. Kusema kweli, hatufui. Maji tuliyo nayo ni machache. Navaa shati hadi nishindwe nalo, halafu naliweka na takataka kwenye chombo kinachoachiwa kirudi upande wa dunia, na kinaungua njiani. Ova."

Nyuma yangu waliojua Kiingereza wakaanza kuwatafsiria wasiojua.

"Wanazitupa?"

"Wanazichoma."

"Nguo nzima nzima?"

"Mwanamke msomi hivyo."

"Nyamazeni, mtoto mwingine anauliza."

Wenzake walikuwa wameona jinsi alivyofanya, wakamfuata. Hawakupoteza neno. Mmoja aliuliza kama akilia machozi yanaanguka, akaambiwa hayaanguki, yanakaa jichoni kama kidimbwi hadi uyafute. Mwingine akauliza nani anaamua zamu ya kupika. Mwingine akauliza kama Nairobi inaonekana, akajibiwa kwamba usiku inaonekana kama makaa yaliyopulizwa. Mimi nilikuwa nageuza antena kidogo kidogo, kituo kikishuka mashariki, upande wa mtaa wa Komarock, sauti ikianza kupauka. Wa mwisho alikuwa mtoto mnene mpole aliyekuwa amengoja zamu yake bila kulalamika. Akauliza kama mwanaanga akilala huwa anaota yuko chini, duniani, au yuko juu. Akasema ova. Tukasikia mchakacho, neno moja labda, na mchakacho tena.

Akashusha kipaza sauti. "Amesema chini," akatuambia, na hakuna aliyembishia.

Mzee akaaga kituo kwa utaratibu wote, ingawa kilikuwa kimeenda. Kupiga makofi akina mama wasingeweza kwa sababu ya nguo, kwa hiyo walipiga vigelegele, na paa la jirani, lililokuwa limejaa watu nisiowaona kupanda, likaitikia. Mzee akaketi juu ya ndoo, akalalamikia magoti, akaniuliza kama rekodi imeshika. Baadaye akaniuliza tena. Na tena tulipokuwa tunakunywa chai.

"Lile swali la nguo halikuwa kwenye orodha," mratibu akaniambia simuni.

"Najua. Samahani."

"Usiombe samahani. Ila nina jambo moja. Yule Kinyozi mliyekuwa mnamwita, ni kituo cha redio cha wapi?"

Nikacheka hadi nikakaa chini. Mtaa wetu ukitajwa redioni huwa ni jengo limeporomoka au maji taka yamefurika. Siku hiyo ulitajwa kutoka juu, na aliyeutaja alijitahidi kuutamka sawasawa. Tangu hapo nimesaidia kupanga maongezi ya nchi nyingine, na bado nalia nikitoa kopi, lakini nikiulizwa na walimu wa mbali mazingira ya kufaa ni yapi huwa nawaambia, mkiwa na majirani inatosha.

Wanawake walirudi kuanika. Mimi nikashuka kwenda kumwambia keateka awashe. Ngazi zilikuwa giza na zimejaa watu waliotoka milangoni, na yule msichana alikuwa ametangulia mbele yangu, anasimamishwa kila ghorofa asimulie. La sita aliwaambia hawafui. La nne, wanavaa shati moja hadi linasimama lenyewe. La pili, yule mwanamke aliposikia mama zetu wana nyaya za kuanikia alinyamaza kwanza, kwa kutamani. Chini kabisa alimkuta kinyozi mlangoni pa kibanda chake, na mteja kando yake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, shuka la kinyozi shingoni, wote wawili wakisikiliza.

"Na hizo nguo zikiungua," msichana akawaambia, "mtu akiwa huku chini usiku anaona mwanga unapita juu."

Hilo mwanaanga hakulisema. Lakini ni kweli, na sijui alilitoa wapi.

Keateka alikuwa amesimama kwenye kisanduku, mkono kwenye swichi. Akaniuliza kama awashe. Niliangalia ngazi, hakuna aliyekuwa ameulizia stima.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Amalize."